Mzee wa ngoma ametutoka, ujuzi wake usizikwe naye

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi tumkumbuke shabiki mwenzetu tuliyemzika hapa Arusha. Familia imeomba jina lake lisitajwe gazetini, nasi tunaliheshimu ombi hilo. Waliozoea kukaa mzunguko Uwanja wa Sheikh Amri Abeid watamtambua bila jina: ni yule mzee wa ngoma aliyekuwa akisimama ameupa uwanja mgongo dakika zote tisini, akitazama watu badala ya mpira.

Tangu msiba utokee anasifiwa kwa mapenzi yake. Ni kweli. Alikuwapo timu yetu ya AFC Arusha ilipokuwa Ligi Kuu, akawapo zamu ya JKT Oljoro, timu nyingine ya hapa Arusha, na hakukauka uwanjani miaka ile mkoa ulipobaki bila timu Ligi Kuu. Lakini mapenzi wanayo wengi. Alichotuzidi ni ujuzi, na ujuzi huo hakuna aliyeuandika. Tunauandika hapa kwa kadiri tunavyoujua, maana matawi mengi ya mashabiki bado yanadhani ushangiliaji ni wingi wa kelele.

Tuanze na sababu ya kuupa uwanja mgongo. Sauti husafiri takribani mita 340 kwa sekunde. Shabiki aliye mita 70 kutoka kwenye ngoma analisikia pigo likiwa limechelewa sehemu ya tano ya sekunde. Kwa wimbo wa kasi, wenye mapigo 120 kwa dakika, hiyo inakaribia nusu ya nafasi kati ya pigo moja na jingine. Ndiyo maana wimbo unaanza vizuri katikati ya jukwaa, ukifika pembeni unavurugika, kila upande unaimba wa kwake, na baada ya muda mfupi wote wananyamaza. Mzee alilimaliza tatizo hilo kwa mkono. Alisimama safu za chini, katikati, ngoma zote zikiwa zimekusanywa nyuma yake, na akafundisha watu wa pembeni waufuate mkono wake wala wasiifuate ngoma. Mwanga hauchelewi. Mkono ukishuka, jukwaa zima linapiga makofi kwa pamoja, hata yule wa mwisho kabisa. Goli likikaribia alilijua kwa kuzisoma nyuso za watu.

Kosa linaloonekana sana siku hizi ni kutawanya ngoma, moja huku na nyingine kule, eti jukwaa lote lisikie. Matokeo yake ni ngoma mbili zinazogombana. Kosa la pili ni wimbo mrefu. Kiongozi akitoa mistari saba kabla watu hawajaitikia, nusu ya jukwaa imesharudi kwenye karanga. Mzee alitoa mstari mmoja, kiitikio kifupi, na hakubadilisha wimbo mpaka aone walio pembeni wameushika.

Alikuwa pia na nidhamu ya kunyamaza. Mchezaji akilala chini na madaktari wakiitwa, ngoma inasimama, awe wa kwetu au wa wageni. Na filimbi hakuiruhusu kabisa jukwaani. Vijana waliona anawaonea, ila yeye alizijua sheria: shabiki akipuliza filimbi na mchezo ukaathirika, mwamuzi husimamisha mpira na kuanzisha upya kwa kuudondosha. Timu yako inaweza kuwa imebaki na kipa tu mbele yake, na shambulizi likafia hapo kwa sababu ya filimbi ya shabiki wake mwenyewe.

Ngoma yenyewe inataka matunzo, na hali ya hewa ya Arusha haiihurumii. Masika, na baridi ya Juni na Julai, ngozi hunyonya unyevu, inalegea na kutoa sauti ya kufa. Dawa yake ni kuianika juani nusu saa kabla ya mechi, au kuipasha kwenye jiko la mkaa kwa umbali wa mkono mzima, ukiizungusha na kuigusa kwa kiganja kila mara. Ngozi ikiwa ya vuguvugu inatosha. Ukiisogeza karibu ili kuwahi, inakauka upande mmoja na kupasuka kwenye pigo la kwanza zito. Ngoma iliyolowa mvua haipelekwi motoni hata kidogo; inafutwa, inakaushwa kivulini, ndipo ipashwe siku nyingine. Kwa ngoma za bendi zenye uso wa plastiki na boliti, usikaze boliti moja mpaka mwisho ndipo uhamie ya jirani. Kaza nusu mzunguko, kisha ruka kwenye boliti inayotazamana nayo, hivyo hivyo mpaka zote ziwe sawa. Ukizifuata kwa mduara, pete inapinda na ngoma inalia upande.

Bendera hatutazisemea sana. Ukingo unaopepea, ule ulio mbali na mti, ndio unaochanika kwanza, kwa hiyo ushonwe mara mbili na kukunjwa. Mti wa mbao huzuiwa getini. Bomba jepesi la plastiki mara nyingi hupita, lakini ni la kuulizia mapema kwa walinzi.

Kazi yake ambayo haikuonekana ilikuwa daftari la safari. Kwa mechi za ugenini, hata zile za Moshi ambako ni kilomita 80 hivi tu, gari halikuondoka bila orodha ya abiria: jina, namba ya simu, na namba ya ndugu wa karibu. Nakala moja ilibaki Arusha kwa mtu asiyesafiri. Orodha iliyo ndani ya gari peke yake haina msaada gari likipata ajali. Nauli ilikusanywa kabla ya siku ya safari, na makubaliano na mwenye gari yaliandikwa pamoja na saa ya kurudi na nani analipia kusubiri. Ugomvi mwingi wa matawi huanzia hapo kwenye kusubiri, si kwenye matokeo.

Sasa kuhusu kumuaga shabiki, kwa sababu tawi lolote litafikwa na jambo hili. Dakika ya ukimya uwanjani haiombwi asubuhi ya mechi. Tawi liiandikie klabu, klabu ipeleke ombi kwa wasimamizi wa ligi, na jibu liwe limepatikana kabla ya kikao cha maandalizi ya mechi ambacho kamisaa, yaani msimamizi wa mechi, hukaa na timu zote mbili. Ratiba ya kutoka vyumbani mpaka filimbi ya kwanza hupangwa kwa dakika, hasa mechi ikionyeshwa kwenye televisheni, na ombi la kuchelewa halina pa kuingia. Mtangazaji wa uwanjani apewe karatasi yenye jina kwa herufi kubwa na sentensi mbili za kueleza marehemu alikuwa nani. Wapiga ngoma na vuvuzela wa pande zote mbili wafuatwe kwa miguu waelezwe. Watu wasipojua wanamnyamazia nani, baada ya sekunde ishirini wengine huanza makofi na ukimya umekwisha.

Ombi likikataliwa msinung'unike. Makofi ya dakika moja jukwaani, mpira ukiendelea, hayahitaji kibali cha mtu.

Lakini msimtume mchezaji avae fulana ya ndani yenye picha ya marehemu ili aionyeshe akifunga. Sheria ya 4 ya mchezo inakataza kuonyesha nguo ya ndani yenye ujumbe wa siasa, dini au wa binafsi, na akiivua jezi kushangilia ni kadi ya njano, hata goli lenyewe likikataliwa. Mtakuwa mmemponza kijana wa watu.

Nyumbani kwenye msiba, familia ndiyo yenye neno. Jezi au bendera juu ya jeneza iombwe kwao na kwa viongozi wao wa dini, na wakisema hapana, ni hapana. Inaweza kukaa pembeni na picha, au isiwepo. Rambirambi zipitie namba moja tu, iliyotangazwa na tawi pamoja na msemaji wa familia. Zikizunguka namba mbili, ya tatu itakuwa ya tapeli. Kila mchango uingie daftarini, na hesabu isomwe mbele ya wafiwa kabla ya kuanua matanga.

Tumeyaandika haya sasa kwa sababu mwaka 2027 Tanzania, Kenya na Uganda zinaandaa pamoja fainali za Mataifa ya Afrika, na Arusha inajengewa uwanja wa watu 30,000 kule Olmoti. Jukwaa la ukubwa huo haliongozwi kwa kubahatisha. Lile tatizo la sauti kuchelewa litakuwa kubwa kuliko la Sheikh Amri Abeid, na atatakiwa kiongozi zaidi ya mmoja, wanaoonana kwa macho na kushusha mkono kwa pamoja. Vijana wa kazi hiyo waanze kufundishwa kwenye mechi za sasa, hata zile za madaraja ya chini zenye watu wachache, maana hapo ndipo mzee alipowapatia wengi mazoezi.

Tunaomba chama cha soka cha mkoa kikae na matawi kupanga mafunzo hayo. Na wasimamizi wa viwanja watangaze mapema, angalau wiki moja kabla ya mechi, ni ngoma za ukubwa gani, bendera na miti ya aina gani vinaruhusiwa kupita getini, na vipitie geti lipi.

Mashabiki wa soka,
Kaloleni, Arusha