Vifaranga vya samaki vipimwe kabla hatujauziwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo nisemee sisi wafugaji wa samaki huku Kaliua. Tunauziwa vifaranga tunaambiwa ni sato tupu, tunalipa bei ya sato, tunalisha pumba na dagaa miezi kibao, alafu siku ya kuvua unakuta wengi wamedumaa, wako kama kiganja cha mtoto, na wameshazaana bwawa zima. Ukimuuliza aliyekuuzia anakwambia chakula ndo hakikutosha, sisi tunashuku vifaranga vyenyewe sio sato tupu, vimechanganywa na jamii zingine.

Sasa samaki mkubwa unamjua, sato mkiani ana mistari ya kusimama imejipanga vizuri, na perege wetu wa mto Malagarasi, huyu anayeitwa karomo, dume lake wakati wa kuzaliana linaning'iniza vinyuzinyuzi chini ya tumbo. Ila kifaranga cha saizi ya ukucha hata mzee aliyevua mto Ugalla tangu utoto hakitambui, chotara ndo kabisaa.

Kuna kipimo cha protini jamani. Wanachukua nyama ya samaki mbichi wanasaga, majimaji yake wanayaweka kwenye jeli ya wanga wanapitisha umeme, protini zinatembea kila moja na mwendo wake kutegemea chaji na ukubwa, wakitia dawa ya rangi mistari inatokea na unaona huyu wa jamii hii na huyu wa jamii ile. Chotara wa kizazi cha kwanza anatoa mistari ya baba na ya mama pamoja, hapo muuzaji hana pa kukimbilia. (Ila msipeleke wa kukaanga, moto unaharibu protini.)

Na sio kitu kipya. Jeli ya wanga ipo tangu 1955, na 1983 watafiti McAndrew na Majumdar walishatenganisha jamii za perege kwa njia hii hii. Mwaka 1991 mtafiti Mjapani Nishida akaitumia kwa samaki wa Ziwa Tanganyika, akaona ziwa letu limetunza koo za zamani sana. Najua kuna watakaosema siku hizi ni DNA, sawa, ikipatikana ileteni, mi sibishani na mashine, ila huku mpaka leo hatujapimiwa kwa lolote.

Kinachoniuma zaidi ni masika. Mabwawa yakifurika samaki wanaingia mtoni, na sato anajulikana kwa kuzaliana na perege wa jamii zingine, wakati karomo kwao ni bonde la Malagarasi tu dunia nzima. Wakishachanganyika huko mtoni hakuna wa kuwachambua.

TAFIRI, taasisi ya utafiti wa uvuvi, wana kituo Kigoma, sio mbali. Basi watu wa uvuvi wapite kwa kila anayezalisha vifaranga Tabora na Kigoma, wachukue wachache wapime, aliyefaulu apewe cheti akibandike pale anapouzia. Na gharama alipe anayeuza, sisi tumeshalipa vya kutosha kwenye pumba.

Mfugaji wa samaki,
Kaliua, Tabora