Hisa milioni zikihama, tuambiwe zimehamaje

Ndugu Mhariri,

Ukurasa wa biashara hauishi kutuambia kwamba hisa za kampuni fulani "zimechangamkiwa na wawekezaji wakubwa", eti kwa sababu hisa zilizouzwa wiki hiyo katika Soko la Hisa la Dar es Salaam (DSE) zimeongezeka. Kila hisa iliyonunuliwa ina aliyeiuza, na mkubwa anaweza kuwa ndiye anayekimbia.

Kwanza tazameni idadi ya miamala. Hisa 600,000 katika miamala 4 ni wastani wa 150,000. Hapo kuna mfuko wa uwekezaji au benki. Zikipita katika miamala 300, wastani ni 2,000, yaani ni sisi wa mitaani. Kipimo hiki kina tundu, kwani dalali mwenye oda kubwa huikata vipande asije akaistua bei. Huyo mtafuteni kwenye ubao wa oda, yaani orodha ya wanaotaka kununua na kuuza: mnunuzi anataka hisa 20,000, anauziwa 15,000, na baada ya dakika chache idadi imerudi 20,000 kwa bei ileile. Akishinda hivyo siku tatu, anakusanya.

Mauziano ya mkupuo, ambayo pande mbili zimeshakubaliana kabla ya kuyapitisha sokoni, yahesabiwe kando. Mfuko mmoja ukiuachia mwingine hisa milioni 10, jedwali linavimba siku moja tu, na kwenye foleni ya kawaida hakuna mnunuzi mpya hata mmoja.

Hapo ndipo habari za "wageni wanakimbia", yaani wawekezaji wa kigeni, huharibika. Tuseme mauzo ya wiki ni Sh bilioni 4, wageni wamenunua asilimia 10 na kuuza asilimia 60. Wameuza Sh bilioni 2.4 na kununua Sh milioni 400, hivyo Sh bilioni 2 zimetoka. Lakini ikiwa Sh bilioni 2.2 kati ya zile 2.4 walizouza zilikuwa mkupuo mmoja, aliyeondoka ni mmoja, pengine mfuko uliofikia ukomo na unatakiwa kurudisha fedha za wenyewe. Kampuni inaweza kuwa nzima kabisa.

Majina ni kazi ngumu zaidi. Marekani, meneja anayesimamia hisa za kuanzia dola milioni 100 hutangaza anachoshikilia ndani ya siku 45 baada ya kila robo mwaka. Hapa kwetu tunategemea orodha ya wanahisa wakubwa kwenye ripoti ya mwaka. Mkilinganisha miaka miwili, linganisheni idadi ya hisa, msilinganishe asilimia. Mwaka 2015 Benki ya CRDB iliwauzia wanahisa wake hisa stahiki, moja mpya kwa kila tano. Mwenye asilimia 10 ambaye hakuchukua stahiki yake alishuka hadi 8.3 bila kuuza hata hisa moja. Vilevile, jina la benki kwenye orodha huenda ni la mtunzaji tu, na nyuma yake kuna wenye mali kadhaa. Wakibadilisha mtunzaji, jina linatoweka na hisa hazijauzwa.

Jedwali lenu lina bei ya kufungua, bei ya kufunga na idadi ya hisa. Ongezeni safu mbili: miamala na hisa za mkupuo. Nafasi ipo, mkiipumzisha ile picha ya kugonga kengele mnayoirudia kila wiki.

Msomaji wenu,
Dar es Salaam