Mwanangu, usitoke na chai tupu

Mwanangu,

Ulisema kwenye simu kwamba ikifika saa nne asubuhi kichwa kinakuwa kizito, unasoma mstari mmoja mara tatu, na mtu akikusemesha unamkaripia. Halafu ukapitisha kama jambo dogo kwamba asubuhi ni chai na mkate mkavu. Hapo ndipo niliposhtuka.

Chai ya sukari na mkate ni wanga karibu mtupu. Sukari ya damu inapanda upesi, insulini, homoni ya mwili ya kupunguza sukari, inaiteremsha, na saa mbili tatu baadaye umechoka na hasira ziko karibu. Ukiongeza protini, chakula kinakawia tumboni na sukari inaingia kwenye damu polepole. Mayai mawili yana gramu 12 hivi, kikombe cha maharage yaliyoiva 15, glasi ya maziwa 8. Kwa kilo zako 60 unahitaji angalau gramu 48 kwa siku, na usizirundike zote usiku. Asubuhi, mwanangu. Asubuhi.

Ubongo hutengeneza dopamini, inayokupa hamu ya kuanza kazi, kutokana na tairosini, na serotonini, inayotuliza moyo, kutokana na triptofani. Tairosini na triptofani ni asidi amino, yaani vipande vinavyojenga protini, na tunazipata kwenye vyakula vya protini. Lakini usidhani nyama tele ndiyo furaha tele: triptofani hugombania mlango wa kuingia ubongoni na asidi amino nyingine, nazo huizidi kwa wingi. Wanga huzipunguza hizo nyingine kwenye damu, basi usiuache, uandamane na protini.

Maharage yaloweke usiku kucha, mwaga maji yale, kisha yachemshe kwa moto mkali dakika 10 kabla ya kupunguza. Mekundu yasipoiva vizuri yana sumu inayotapisha. Pika ya siku tatu, weka kwenye friji. Usisingizie tena muda. Fedha umezipanga vizuri kuliko nilivyotarajia, sasa tumbo limekushindaje?

Chai isubiri saa moja baada ya kula, kwani inazuia mwili kufyonza madini ya chuma ya maharage, na upungufu wa chuma nao unachosha na kushusha moyo.

Tabia hii najua hukuiokota njiani. Asubuhi za humu ndani zilikuwa za mbio, na kikombe kile nilikuwekea mimi.

Ukila hivyo na bado huzuni ikakukalia wiki mbili mfululizo, hilo si la mayai tena, nenda kwa daktari. Usinifiche.

Blanketi lako limefuliwa. Mdogo wako amehamia kitandani kwako, hataki kusikia habari ya kutoka. Sufuria ndogo uliyoisahau nakutumia. Inaenea mayai manne: maji yakichemka, hesabu dakika 9. Kishikio cha mfuniko kimelegea, ushike kwa kitambaa.