Kinyozi na rola zake

Shoga yangu,

Salamu nyingi kutoka huku Derby, Uingereza. Mimi mzima, baridi tu ndiyo inayonikomesha. Barua yako nimeipata, na habari ya huyo jirani aliyekuibia mshono nimeisoma mara mbili. Pole mwaya. Kushona ushone wewe, sifa avae mwingine! Sasa kabla hujaenda kumshukia, toa hiyo picha iliyomo ndani ya bahasha uitazame.

Huyo mzee aliyejaa kitini ni Richard Arkwright, tajiri wa nyuzi za pamba. Alichorwa na Joseph Wright, mzaliwa wa Derby hapahapa, mwaka 1789 hadi 1790. Usianze na uso, anza na tumbo. Mchoraji hakulificha hata kidogo, limetangulia kama mgeni rasmi. Wigi nalo linanichekesha, kwani kabla ya utajiri bwana huyu alikuwa kinyozi, akizunguka vijijini kununua nywele za wanawake atengenezee mawigi.

Haya, njoo mezani pembeni yake. Kile kidude ni rola za mashine ya kusokota nyuzi. Wewe fundi utaelewa upesi: pamba inapita kati ya rola mbili, inapokelewa na jozi nyingine inayozunguka kwa kasi zaidi, basi inavutika na kuwa nyembamba kabla ya kusokotwa. Zamani kazi hiyo ilifanywa na vidole. Uzi wake ulitoka imara hata ukafaa kuwa mtande, yaani nyuzi za urefu wa kitambaa, ambao Waingereza walizoea kuutengeneza kwa kitani. Alipewa hataza, yaani haki ya kisheria ya kumiliki uvumbuzi, mwaka 1769, na mwaka 1771 akaanzisha kiwanda cha kuendeshwa kwa maji kule Cromford. Nimefika. Ukuta wa upande wa barabarani hauna madirisha chini, utadhani ngome. Humo watoto walifanya kazi zamu za muda wa saa 12, mchana na usiku.

Sasa sikia. Rola hizo ndizo zilizomfikisha mahakamani. Wenye viwanda wenzake walidai wazo si lake, na fundi saa John Kay akashuhudia kwamba lilitoka kwa fundi mwingine, Thomas Highs. Mwaka 1785 hataza yake ya pili, ile ya mwaka 1775 iliyotaja pia rola, ikafutwa. Mwaka uliofuata mwenyewe akapewa cheo cha Sir, na alipokwenda kuchorwa, mezani kuna nini? Rola zilezile! Kesi keshashindwa, yeye bado anakata rufaa kwa rangi.

Na mwaka huohuo wa 1789 kijana mmoja, Samuel Slater, aliyefundishwa kazi na Jedediah Strutt, mshirika wa zamani wa Arkwright, alivuka bahari kwenda Marekani na mashine nzima kichwani, maana kuitoa nchini ilikuwa marufuku. Huko nako viwanda vikaota, na baadaye meli za Salem, bandari ya huko Marekani, zikawa zinashusha Unguja kile kitambaa ambacho wazee wetu walikiita merikani. Kwa hiyo wizi wa mshono, shoga, haukuanzia mtaani kwenu.

Ushauri wangu: vaa gauni la huo mshono wako, kaa kitini karibu na cherehani, upigwe picha kubwa uitundike mlangoni pa duka. Tumbo ni hiari yako. Kisha uniandikie jirani amesema nini.

Wako wa siku zote.