Mheshimiwa Waziri, jiwe la Moru linasagika

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Maliasili na Utalii,

YAH: JIWE LINALOLIA LA MORU, SERENGETI

Mheshimiwa, husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni dereva wa watalii. Nikifika Moru na wageni, wakishaona ngao zilizochorwa na Wamaasai mwambani, huwapandisha hadi kwenye lile jiwe. Ni bonge la jiwe lililojaa vishimo vya mviringo, mfano wa vikombe vya kahawa. Ukigonga kishimo kimoja linalia kama kengele. Ukihamia cha pili, mlio unabadilika. Havikuchongwa kwa patasi vile. Watu wamegonga palepale, jiwe kwa jiwe, vizazi na vizazi, mpaka mwamba ukabonyea.

Sasa wanaogonga ni sisi. Nakiri, nami nimewaokotea wageni mawe ya kugongea, na picha nikawapiga. Majuzi mtoto wa mgeni aligonga kwa nguvu, unga mweupe ukabaki kishimoni. Nikaupuliza. Unga ule ni jiwe lenyewe, Mheshimiwa.

Mawe ya namna hii yako pia kisiwani Lolui, upande wa Uganda wa Ziwa Victoria, na Birnin Kudu kule Nigeria. Sudan nako yalikuwepo kando ya Nile, mahali ambapo sasa pamefunikwa na maji ya bwawa la Merowe, lililozinduliwa 2009. La kwetu halijafunikwa na kitu. Tunalimaliza kidogo kidogo, tena tukicheka.

Kuna watakaosema jiwe hili ni ala, na ala hupigwa. Hapo nawaelewa, maana bila ule mlio mgeni anaona mwamba wenye matundu tu, anauliza simba wako wapi. Ndiyo maana siombi uzio. Naomba lirekodiwe mara moja na watu wanaoijua kazi hiyo, kishimo kwa kishimo, kisha sisi madereva tupewe sauti hizo kwenye simu tuwasikilizishe wageni hapohapo. Kibao nacho kiwekwe, Kiswahili kikitangulia: USIGONGE. Na mawe ya kugongea yasiachwe juu yake. Yakiwepo, hata mtu mzima mkono unamwasha.

Hilo la mwisho nimeshalianza mwenyewe. Safari moja nilikuta mawe matatu, nikayashusha nikayaficha majanini. Wiki iliyofuata nilikuta mengine manne.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Dereva wa watalii, Arusha