Picha za bomu la 1998 zije na msaada

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo. Kila Agosti ikifika magazeti na runinga zinatoa tena zile picha za bomu la ubalozi wa Marekani la 7 Agosti 1998, moshi, Ufundi House, lile jengo la jirani, imelala chini, watu wamejaa damu, na mimi sina shida na kukumbuka, watu 213 walikufa hapa Nairobi na wengine 11 kule Dar es Salaam asubuhi hiyo hiyo, lazima wakumbukwe. Shida yangu ni kwamba hakuna anayewaambia walionusurika, ama watu wao wa nyumbani, wafanye nini picha ikishamrudisha mtu pale pale.

Shangazi yangu ni mmoja wao. Tairi ya matatu ikipasuka ama transfoma ikilipuka huku mtaani, mwili wake unarudi Ijumaa ile, anatetemeka, jasho linamtoka, anatafuta mlango. Si kwamba anakumbuka tu, kwake inatokea sasa hivi. Na watu wanafanya nini? Wanamzunguka, wanamshika kwa nguvu, wanakemea mapepo, mwingine anamuuliza eti hebu tuambie uliona nini siku hiyo. Yote hayo yanamzidishia.

Kinachosaidia ni kumrudisha hapa na leo. Kaa mahali akuone, usimguse kabla hujamuuliza, ongea polepole: shangazi, ni mimi, uko nyumbani Kasarani, leo ni Jumanne, hiyo kelele ni tairi imepasuka. Mwambie akanyage sakafu kwa nguvu asikie miguu yake, mpe soda baridi aishike mkononi, halafu ataje vitu vitano anavyoviona, vinne anavyoweza kugusa, vitatu anavyosikia, harufu mbili, na kimoja cha kuonja. Akikosea hesabu haidhuru, si mtihani. Pumzi aitoe taratibu kuliko anavyoivuta. Na tafadhali msimwambie afunge macho, kwa wengi wao giza ndilo linazileta zile picha vizuri zaidi.

Sasa kuna kitu kinanisumbua sana. Bomu lile liliharibu macho ya watu wengi mno, maana kishindo cha kwanza, cha guruneti, kiliwavuta madirishani kuangalia kuna nini, mlipuko mkubwa ukawakuta hapo na vioo vikawaingia usoni. Mtu kama huyo utamwambiaje ataje vitu vitano anavyoona? Kwake anza na mikono, apapase meza, aseme ni mbao ama plastiki, ni baridi ama ina joto, aguse fimbo yake, anuse ganda la chungwa ama majani ya chai, asikilize redio ya jirani aseme inacheza nini. Inafanya kazi vilevile, ila lazima mfanye mazoezi siku yuko sawa, mkiwa mmekaa tu mnakunywa chai, si siku amezidiwa ndio unaanza kumfundisha.

Hii si dawa ya kiwewe chenyewe, inamvusha tu ile saa mbaya. Anayerudiwa kila mara ama halali usiku anahitaji mshauri wa kisaikolojia, na msaada huo usiishie kwa wenye pesa peke yao.

Ombi langu kwenu, Agosti ijayo mkichapa zile picha wekeni kando yake kisanduku kidogo chenye maelezo haya, na picha kali zaidi zisiwe ukurasa wa kwanza. Na kama mna wenzenu wa redio waambieni wayasome hewani pia, kwa sababu waliopoteza macho siku ile hawatayaona gazetini.

Msomaji wenu,
Kasarani, Nairobi