Mwanangu, usiufiche mgongo wako

Mwanangu mpenzi,

Ile bahasha ya kaki yenye picha zako za eksirei umeisahau juu ya kabati. Naituma kwa basi la kesho. Siku utakayokwenda kufungua faili kliniki ya selimundu huko Dodoma, uende nayo. Daktari asiyeujua mgongo wako anaweza kuanza upya kutafuta TB ya mfupa, kama tulivyohangaishwa sisi.

Kabla ya kuifunga niliitoa picha nikaiinua dirishani, kama alivyofanya yule daktari ulipokuwa na miaka 13. Unakumbuka alivyopitisha kalamu pingili za mgongo moja moja? Pembeni zimesimama, katikati zimebonyea juu na chini, kila moja kama herufi H. Akasema chembe nyekundu zilizojikunja kama mundu huziba vijishipa vinavyolisha katikati ya pingili. Pale pakikosa damu panadumaa, huku kingo zinaendelea kukua. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yako, nawaza zile asubuhi nilizokuamsha kwa ukali ukachote maji. Ulikuwa unaniambia, "Baba, mgongo," nami nakujibu kwamba mtoto hana kiuno. Nilikukosea, mama. Sijawahi kulitamka, ndiyo maana naliandika.

Tangu hapo ukajifunza kuumia kimya, na naogopa bwenini utawaficha wenzako hivyohivyo ili usionekane mzigo. Mwambie hata mmoja unayelala naye chumba.

Maumivu yako ya kawaida unayajua kuliko mimi: maji ya kutosha (jua la Dodoma linakausha), blanketi, dawa za kutuliza, na yakizidi hospitali. Ila diklofenaki na ibuprofeni usinunue ovyo duka la dawa, maana selimundu yenyewe inazichosha figo. Lakini maumivu yakiganda sehemu moja ya mgongo, tena na homa juu yake, usiyachukulie kuwa yaleyale. Huenda mfupa umeingiwa na bakteria. Wengu wako haukulindi kama wa wenzako, na kwa watu wa selimundu Salmonella ni mojawapo ya bakteria wanaopenda kujificha mifupani. Wakishapima na kumjua, utatumia antibaiotiki kwa wiki nyingi, mara nyingi sita au zaidi, na usikatishe kwa sababu umepata nafuu. Na miguu ikilegea, ikifa ganzi, au mkojo ukigoma au ukikutoka bila kujijua, hapo pana hatari ya uti wa mgongo kubanwa. Usisubiri kukuche. Amsha watu hata saa nane usiku, wachukie watakavyo.

Haidroksiurea, dawa yako ya selimundu, usiiache, hata ukipita mwezi mzima huumwi. Inaongeza ile hemoglobini ya kichanga, ambayo haizikunji chembe. Walipoijaribu kwa watoto wa Angola, Kongo, Kenya na Uganda, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2019 yalionyesha maumivu yamepungua, hata malaria, kuongezewa damu na vifo. Pingili zilizokwisha bonyea haizinyooshi, nami sitaki nikudanganye. Vipimo vya damu vya kufuatilia dawa usiviruke, foliki asidi uendelee nayo. Na siku ukitaka mtoto, mwone daktari kwanza kabla ya mimba, kwa sababu ya haidroksiurea. Mama yako amesema nisiandike hili, lakini wewe ni mtu mzima sasa.

Kwenye mzigo utakuta blanketi zito na chupa yako ya lita mbili. Ukipokea nipigie. Nikikuuliza mgongo unaendeleaje, uniambie kweli, hata kama unajua kwamba usiku huo sitalala.

Baba yako